Mzee Don hakuja kutuaga

Desemba iliyopita, nyumbani kwa mjomba wangu upande wa Nyahururu, nilipewa kazi ya kuweka muziki. Mbuzi alikuwa motoni, wazee wamekaa kivulini, nami nikaona huo ndio wakati wa kuwasikilizisha Reflections, albamu ya mwaka 2014 ya Don Williams, mwimbaji wa kantri kutoka Marekani. Albamu haijafika mwisho, mjomba akaniita.

"Wee kijana, huyo ni nani?"

"Ni Don Williams, mjomba."

"Don Williams gani? Hebu rudisha zile zake."

Zile zake mnazijua. You're My Best Friend ya 1975, Tulsa Time ya 1978, I Believe in You ya 1980. Ndizo za harusini, za matatu siku ya Jumapili, za redio ya KBC kwenye kipindi cha Sundowner. Wako Wakenya wanaoziimba mwanzo hadi mwisho na ukiwaonyesha ramani hawajui Texas iko wapi. Baba yangu, ambaye Kiingereza hakikuwahi kumkalia vizuri mdomoni, alimpenda Don kwa sababu moja tu: anamwelewa anachosema. Don hakuwa na haraka, wala hakulimeza neno. Na Afrika hakuijua kwa kusimuliwa tu, maana mwaka 1997 alikuja Zimbabwe kuimba na onyesho likarekodiwa kwa video. Ila sisi mapenzi yetu yaliganda kwenye kanda za miaka ya sabini na themanini. Alichoimba baada ya hapo tulimwachia mwenyewe.

Tumekosea. Nasema hivyo nikijua mjomba hatakubali.

Tatizo la albamu za wazee wa kantri lilianza, kwa maoni yangu, na kitu kizuri sana. Mwaka 1994 Johnny Cash, mkongwe wa kantri ambaye Nashville, mji wenye biashara ya muziki huo, ilishamweka kabatini, alikaa na gitaa lake mbele ya Rick Rubin, mtayarishaji aliyejijengea jina kwenye rap na roki kali, wakatoa American Recordings. Miaka minane baadaye ikaja Hurt, wimbo wa bendi ya roki ya Nine Inch Nails, Cash akiuimba kwa sauti inayotetemeka, na mwaka uliofuata akafariki. Nani hakulia? Lakini tangu hapo tukaanza kumdai kila mzee atuimbie akiwa ameshika kitasa cha kaburi. Ama hivyo, ama amtafute kijana wa kumpiga msasa upya. Loretta Lynn, mama wa kantri, alifanya hilo la pili mwaka 2004 akiwa na miaka 72, na kijana wake alikuwa Jack White, mwanamuziki wa roki, na matokeo yalikuwa moto kweli. Walibeba tuzo mbili za Grammy. Sina ugomvi na Cash wala Loretta. Nina ugomvi na sisi tunaodhani hizo ndizo njia mbili pekee za kuzeeka.

Don alikuwa na miaka 74 Reflections ilipotoka. Alikuwa ameshawahi kuaga jukwaa mwaka 2006, akarudi 2010, na 2012 akatoa And So It Goes akiwa na wageni kama Alison Krauss, Vince Gill na Keith Urban. Ile ya 2012 ni nzuri, ila wageni wanaonekana. Unajikuta unawahesabu kama uko kwenye mchango wa harusi. Katika Reflections yumo mwenyewe, nyimbo 10, na mtayarishaji ni Garth Fundis, mtu aliyefanya naye kazi tangu miaka hiyo ya sabini. Hakumtafuta kijana wa kumgeuza. Alirudi kwa fundi wake, kama mzee asiyebadilisha kinyozi.

Na sauti? Uzee ni mwizi, ila kwa Don uliingia ukakuta hakuna cha kuiba. Waimbaji wa kupanda juu hunyang'anywa mapema: noti ile iliyowapa jina inakuwa mlima, wanashusha ufunguo, na mwisho wanawaachia waitikiaji. Don tangu ujana aliimba chini, karibu na kuongea, kama mtu anayekueleza jambo mkiwa mmekaa kwenye benchi moja. Kwenye albamu hii sauti imekauka kidogo pembeni na pumzi imekuwa fupi. Basi. Vyombo navyo vinajua adabu, kila kimoja kinasubiri amalize ndipo kiseme.

Anaanza na I'll Be Here in the Morning ya Townes Van Zandt, mtunzi wa Texas aliyefariki siku ya Mwaka Mpya 1997. Ni wimbo wa mtu anayependa barabara lakini anaahidi kwamba kukikucha atakuwepo. Van Zandt mwenyewe alipouimba, ilikuwa vigumu kumwamini. Akiuimba Don, unaona kabisa viatu vyake viko mlangoni na haviendi popote.

Halafu ipo Sing Me Back Home, ya Merle Haggard ya mwaka 1967. Haggard alikuwa amefungwa gereza la San Quentin, kwa hiyo alijua alichokiandika: mfungwa anapelekwa kuuawa, anaomba rafiki yake mwenye gitaa amwimbie kwanza. Mwimbaji mwingine wa miaka 74 angeona hapo nafasi ya kututoa machozi sote. Don anausimulia bila kuongeza chozi hata moja, na ndiyo sababu unaingia ndani. Ukiwahi kukesha matangani ukasikia wimbo ukianzishwa saa tisa usiku na mtu mmoja, polepole, kabla wengine hawajadakia, utajua ninachozungumzia.

Si zote zimenikaa. Back to the Simple Things ni ile habari ya kutamani maisha mepesi ya zamani, na nyimbo za namna hiyo hunichosha, hata akiimba nimpendaye. Hiyo huwa naruka.

Hakutoa albamu nyingine ya studio. Machi 2016 alistaafu, na tarehe 8 Septemba 2017 akafariki akiwa na miaka 78. Ukiisikiliza Reflections leo utatafuta dalili za kuaga, na utazipata kama umeshaamua kuzipata. Mimi namsikia mtu aliyeamka, akanywa kahawa, akaenda kazini.

Siku ile kwa mjomba nilirudisha zile zake, bila shaka. Ningefanyaje, mbuzi alikuwa wake. Lakini jioni, wageni wakiaga, mjomba alinivuta kando akanipa flashi.

"Niwekee ile ya mfungwa," akasema. "Hizo zingine baki nazo."