Kijana wa Mwanjelwa akiuza modi yake ana kosa gani?

Vijana wanaotengeneza modi za mabasi hapa Mbeya, yaani mafaili ya nyongeza yanayoingiza mabasi ya kwetu kwenye gemu la mtu mwingine, wanatukanwa kwa jambo ambalo kila fundi mjini analifanya mchana kweupe: kudai malipo ya kazi. Kijana akichora basi la Mbeya kwenda Dar, akalifunga kwa pasiwedi na kuliuza, tuseme, shilingi elfu mbili kwa njia ya simu, maneno yanayomfuata ni yaleyale. Ana tamaa. Gemu si lake. Wenzake wanatoa bure, yeye nani? Nimeusikia ubishi huu Mwanjelwa na nimeusikia Mafinga. Kila mara lawama zinamwangukia mtu mmoja, wakati kazi yake inapita kwenye mikono ya watu wengi wanaopata hela kwayo.

Wengi wa vijana hawa wako kwenye Bus Simulator Indonesia, gemu la simu lililotolewa na kampuni ya Maleo mwaka 2017. Walilipenda kwa sababu halihitaji kompyuta, na kwa sababu wenye gemu waliruhusu mchezaji aingize gari lake. Ndivyo Yutong na Scania za barabara kuu ya Tanzam zilivyoingia kwenye gemu la Waindonesia. Wenye kompyuta zenye nguvu wako kwenye Euro Truck Simulator 2, wengine kwenye gemu za mpira, lakini swali kwao wote ni moja.

Anayesema modi ni kitu cha kuchezea tu hajakaa karibu na anayeitengeneza. Kazi inaanzia stendi, asubuhi, kabla mabasi hayajaondoka. Kijana anapiga picha mbele, ubavuni, nyuma, anainama kupiga taa za chini, anamwomba kondakta aingie apige dashibodi na siti. Akirudi nyumbani anafungua Blender, programu isiyolipiwa ya kuchora maumbo, na kuanza kulijenga basi pembetatu moja baada ya nyingine, maana umbo la kwenye gemu ni pembetatu ndogo zilizounganishwa. Hapo ndipo ufundi unapoonekana. Pembetatu zikiwa nyingi, simu ya bei rahisi inaganda na gemu linajifunga. Zikiwa chache mno, tairi linatokeza kona. Umbali kati ya tairi za mbele na za nyuma ukikosewa kidogo, basi linakata kona kama gari jingine kabisa, na dereva wa kweli akishika simu anakuambia palepale. Bado rangi, maandishi ya ubavuni, kibao cha safari kiooni, mlio wa honi, mlio wa breki za upepo. Akimaliza analijaribu kwenye simu yake, halafu anaazima simu mbovu kuliko yake alijaribu tena huko, maana wateja wake wengi wana simu za aina hiyo.

Na wachezaji wa huku hawana huruma. Mtu wa Iringa aliyekulia anashuka Kitonga hadanganyiki. Mtu wa Uyole anajua basi linavyohema likipanda Mlima Nyoka. Taa ya breki ikikaa pasipo pake, lawama zinaanza kabla faili halijamaliza kupakuliwa. Usahihi wanaudai kama wateja, lakini ikifika kwenye malipo wanataka wahesabiwe marafiki.

Sasa tufuatilie faili hilo likitolewa bure, maana hapa ndipo ninapoona watu hawataki kutazama. Linapakiwa kwenye mtandao. Kampuni ya simu inauza bando la kulipakua. Tovuti inayolihifadhi inaonyesha matangazo mbele ya kitufe cha kupakua. Mwenye chaneli ya YouTube anarekodi safari ya Mbeya hadi Makambako akiwa na basi hilo, na chaneli yake ikishafikia vigezo analipwa matangazo. Fundi simu mwenye meza pembeni ya soko analiingiza kwenye simu za watoto wa shule na anatoza kila anayemwingizia. Mwenye basi la kweli anapata jina lake likitembea kwenye viganja vya vijana kutoka Tunduma hadi Morogoro. Wenye gemu nao wanazidi kupata wachezaji, maana gemu lenye mabasi ya kwenu huliondoi kwenye simu.

Umeme wa LUKU uliounguzwa usiku ule wote alilipa nani? Bando la kupakia faili alinunua nani? Ni kijana mwenyewe, mara nyingi kwa hela aliyopewa na mama yake kwa shughuli nyingine. Kwa hiyo tukisema modi iwe bure, tunachosema hasa ni kwamba kila aliye kwenye njia hiyo ale, isipokuwa aliyeitengeneza.

Vibanda vya gemu vinalionyesha hili vizuri zaidi. Gemu za mpira za Konami zilizozoeleka huku hazikuwahi kuja na Mbeya City wala Tanzania Prisons. Timu hizo ziliingizwa na mashabiki, jezi kwa jezi, jina la mchezaji kwa jina la mchezaji. Mwenye kibanda anayetoza kwa mechi anajua kwamba siku alipoweka Simba na Yanga na timu za nyumbani, benchi lilijaa. Anatoza kwa haki, kwa sababu kanunua runinga, analipa kodi ya pango, anakaa pale mpaka usiku. Sina ugomvi naye. Ninachouliza ni kwa nini hela yake inaitwa biashara, na ya aliyeziingiza timu zile ikiitwa tamaa.

Wanaopinga wana hoja, na nyingine ni nzito. Ya kwanza ni kwamba gemu ni la mwingine, umbo la basi ni la kiwanda, rangi na jina ni vya kampuni ya usafiri. Kijana anauza nini basi? Nadhani anauza kile fundi cherehani anachouza. Kitambaa umekuja nacho mwenyewe, na hakuna anayemwambia fundi ashone bure kwa kuwa hakukifuma. Hata hivyo mfano huo hauondoi haki ya mwenye jina. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi iliyotokana na kazi nyingine, lakini bila kuondoa haki ya aliyetengeneza ile ya mwanzo. Na wenye magemu hawalingani. Mojang, wenye Minecraft, wanasema modi uliyoiandika ni yako ila usiiuze. Kwa wengine mlango uko nusu wazi. Kijana asiyesoma masharti ya gemu analochezea anajitafutia matatizo, na hilo siwezi kulipamba.

Hoja ya pili ndiyo inayonigusa zaidi. Modi nyingi zimejengwa juu ya modi nyingine. Kijana wa Iwambi alijifunza kwa kufungua faili la bure la Mwindonesia, akaona tairi lilivyofungwa, akachukua chasisi ikiwa nzima, akabadilisha bodi. Akiuza, anauza na jasho la mtu asiyemjua. Jambo hili limeshawahi kutokea mbele ya dunia nzima. Aprili 23, 2015, Valve, wenye duka la magemu la mtandaoni liitwalo Steam, na Bethesda, wenye gemu la Skyrim, waliruhusu modi za gemu hilo ziuzwe dukani humo. Miongoni mwa zile za kwanza kulikuwa na modi ya uvuvi iliyotegemea kazi ya mtengenezaji mwingine ambaye hakuwa ameridhia, na ikaondolewa haraka. Wachezaji walichachamaa, na Aprili 27, siku nne tu baada ya kuanza, mpango mzima ukafutwa na walionunua wakarudishiwa hela.

Watu hulitaja tukio hilo kama ushahidi kwamba modi haziuziki. Mimi nikilisoma naona jambo jingine, na sijui kwa nini halisemwi sana. Mgawanyo wa mapato ulikuwa hivi: Valve asilimia 30, Bethesda asilimia 45, mtengenezaji wa modi asilimia 25. Modi ya dola nne ilimpa aliyeikeshea dola moja. Na hiyo dola moja hakupewa mkononi mpaka fungu lake lifike dola 100, yaani mauzo yafike dola 400. Modi ndogo ambayo ingeuzwa mara hamsini tu kwa bei hiyo isingemletea mtu wake hata senti, huku wakubwa wawili wakiwa wameshachukua chao. Hasira ya wachezaji ilikuwa na sababu nyingi, na baadhi walilitaja fungu hilo dogo. Lakini kilichobaki kwenye kumbukumbu za watu ni kwamba watengenezaji walitaka kuuza kilichokuwa cha wote. Asilimia 75 iliyokwenda kwa wengine imesahaulika. Bethesda wenyewe walirudi na duka jingine mwaka 2017, na Desemba 2023 wakafungua utaratibu unaowaruhusu watengenezaji waliothibitishwa kuuza kazi zao za Skyrim. Kuuza hakukufa. Kilichobadilika ni nani anashika duka.

Kuna hoja ya tatu, ya wale wanaosema ubure ndio uliozaa makubwa. Counter-Strike ilianza mwaka 1999 kama modi ya bure ya Half-Life, gemu la Valve, na mmoja wa waanzilishi wake wawili, Minh Le, alikuwa mwanafunzi huko Kanada. Mwaka uliofuata Valve wakainunua na kuwachukua watengenezaji. DotA ilianza kama ramani ya bure ya gemu la Warcraft III, leo ina uzao, Dota 2, unaojaza viwanja. Ni kweli, ubure ulizisambaza kuliko bei yoyote ingevyoweza. Lakini mfano huo una mwisho wake: kampuni ilikuja na hundi. Kijana wa Sokomatola anayechora mabasi ya Nyanda za Juu Kusini hana kampuni inayomtafuta. Kumwambia asubiri kugunduliwa ni kumwambia aendelee kununua umeme kwa hela ya mama.

Jambo moja wanaouza hawalifikirii vya kutosha. Ukishapokea elfu mbili ya mtu, umeingia deni. Gemu likitoa toleo jipya na modi ikagoma kufunguka, aliyelipa atakupigia simu usiku, na ana haki. Nimeona vijana wakibadilisha namba ili wasisumbuliwe. Huo ni utapeli mdogo, na ndio unaowapa wapinzani silaha. Anayetaka kuitwa fundi abaki na mteja wake.

Kufungia modi kwa pasiwedi nako hakusaidii sana. Mwaka 2023 kuna aliyeuza modi ya gemu la Starfield kwa walipaji wa kila mwezi, akaiwekea kufuli, na kufuli likavunjwa mara moja. Ikiwa imetokea huko, pasiwedi ya Mwanjelwa itadumu muda gani? Mmoja akinunua, jioni iko kwenye kila simu ya darasa. Ndiyo maana napenda zaidi njia mbili ambazo tayari zimejaribiwa. EA, wenye gemu la The Sims 4, mwaka 2022 walieleza kwamba modi zisiuzwe moja kwa moja, ila mtengenezaji anaweza kuwapa wachangiaji wake mapema, halafu baada ya muda wa kuridhisha iwe bure kwa wote. ProMods, wanaotengeneza ramani kubwa ya Euro Truck Simulator 2, wanatoa ramani bure kwa vipande, na anayetaka kuipakua yote kwa mara moja kwa haraka analipa kidogo. Mtoto asiye na hela anaipata, anachelewa tu. Kwa huku kwetu hilo linawezekana kesho: wiki chache za mwanzo kwa waliolipa, kisha faili linafunguliwa, na majina ya wote ambao kazi zao zimo yanaandikwa wazi. Ukitumia chasisi ya mtu, muulize. Akikataa, chora yako.

Ila kazi ya oda ndiyo naona isiyo na ubishi hata kidogo. Shabiki anataka basi la kwao Tukuyu ambalo hakuna aliyelichora, dereva anataka gari lake mwenyewe na namba zake: hapo kijana anauza siku zake, na bei wanapatana wawili. Wenye mabasi nao wasikae pembeni. Wanalipia matangazo ya redio za Mbeya na Iringa, wanalipa wachoraji wa ubavuni, lakini kijana akija ofisini kuomba ruhusa ya kutumia jina anaambiwa asubiri nje. Wampe barua ya ruhusa, na kama wamependa basi lao lilivyokaa kwenye simu, wamlipe la pili analochora.