Yule Baba wa Watu

Kwa siku sita nilikula chumbani, sahani juu ya stuli, mlango umefungwa, kama mgonjwa aliyetengwa. Hapakuwa na ugomvi wala ugonjwa. Mama mkwe alikuwa amekuja.

Mke wangu ni Msukuma wa Kahama. Mimi ni mtu wa Tanga. Kwa kina mke wangu, mkwe na mama mkwe hawali pamoja, hawakai wakatazamana, hawatajani majina, na wakikutana njiani mmoja anapisha. Hiyo ni heshima, na kijijini haimsumbui mtu: ua ni mkubwa, miti ipo, unapita nyuma ya zizi na hakuna aliyekuona. Sisi tumepanga vyumba viwili na sebule huku Mbezi, na njia ya kutoka chumbani kwangu kwenda chooni inapita mbele ya kochi. Ikabidi nibuni kikohozi. Nikitaka kupita nakohoa mara mbili, mama anajifunika khanga usoni, napita mbio nikitazama ukuta. Kurudi, vilevile. Siku ya nne jirani aligonga mlango akaniletea tangawizi na asali, akanisihi nisidharau kifua, nikapime.

Jumapili mke wangu akasema imetosha, twende tukale nje.

"Nje kuna nafasi. Wewe utakaa meza yako, sisi yetu. Na mama naye ale chakula cha hotelini, asije akarudi Kahama akasema tulimlisha dagaa."

Wazo likanifurahisha. Nikampa noti tano za 10,000 azitie kwenye pochi, alipe yeye, mama aone binti yake ndiye anayemkirimu. Kwenye simu yangu zikabaki shilingi 1,800. Nilijiona mkwe wa kupigiwa mfano.

Barabarani pia tulitengana. Wao mbele, yaani mama, mke wangu na watoto wawili. Mimi nyuma hatua kama hamsini, wakisimama nasimama, wakitembea natembea. Ungetuona kwa mbali ungedhani nawavizia. Kumbe alikuwapo aliyetuona.

Mgahawa wenyewe siutaji, maana napita pale kila siku nikienda kazini na sasa wananijua. Uko kando ya Barabara ya Morogoro, si mbali na Kituo cha Mabasi cha Magufuli, kile kilichochukua mabasi ya mikoani kutoka Ubungo mwaka 2021. Huo ukaribu na kituo ndio uliotuponza.

Hapa lazima nieleze mama mkwe anavyoijua hoteli. Kwake yeye, hoteli ni mahali basi linaposimama. Kondakta anapaza sauti, "Dakika kumi, chakula na kuchimba dawa!", abiria wanashuka wakigombea, unanunua unachokifikia, na honi ikilia unaondoka na ulichonacho mkononi. Miaka iliyopita aliachwa Singida na paja la kuku, akalikimbiza basi kwa bodaboda hadi Ikungi, na paja hakulitupa. Tangu siku hiyo hali kitu nje ya nyumba bila kutega sikio. Safari hii tulimshauri ashukie Dodoma apande treni ya umeme, akakataa kwa sababu hiyohiyo: amesikia inakwenda kimyakimya, sasa utajuaje kama inaondoka?

Basi wakaketi, mama kapakata kikapu chake mapajani, khanga kaifunga kiunoni barabara, miguu inatazama mlango. Mimi nikaingia baada ya dakika mbili hivi. Jumapili ile palijaa. Kiti pekee kilichobaki kilikuwa kwenye meza ya mzee mmoja mwenye kofia ya kiua, anakunywa supu ya mbuzi kwa chapati mbili, na kiti chenyewe kinatazamana na meza ya familia yangu. Nikakigeuza upande. Nikawa nala shingo imepinda.

Mhudumu akafika kwao, akaanza kuyamwaga kama kawaida yao, bila kupumua: wali kuku, wali nyama, wali samaki, pilau, makange, ndizi nyama, ugali samaki. Mke wangu akataka makange, yameisha. Akataka kuku wa kienyeji, ameisha tangu jana. Akaangukia ndizi nyama. Mama akataka ugali na sato, na sato alipoletwa alimgeuza huku na huku, akambonyeza shavu, akasema:

"Huyu wa ziwani. Tumetoka naye kulekule, ila yeye kaja na barafu."

Ndipo mwanangu mkubwa, wa miaka tisa, alipomwambia mhudumu, "Mimi niletee zege."

Mama akaacha kula. Kwetu Dar hata mtoto wa chekechea anajua zege ni chipsi mayai, lakini kule kwa mama zege ni saruji, mchanga na kokoto, ni ile kazi inayowamaliza vijana migongo. Akamtazama mjukuu, akamtazama binti yake.

"Ng'wanawane, mtoto mnamlisha nini hapa mjini?"

"Ni mayai, mama. Mayai na viazi."

"Basi kwa nini msiseme mayai na viazi?"

Lilipoletwa aligonga juu yake kwa kijiko, mara mbili, kama fundi anayeangalia kama sakafu imekauka. Nikacheka. Sikuweza kujizuia, nilicheka peke yangu, wali mdomoni, nikiwatazama. Mzee wa supu akainua macho.

"Kijana."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimekuona tangu barabarani."

"Umeniona nini, mzee?"

"Unavyowafuata wale."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, yule ni mke wangu na wale ni wanangu.

"Eeh." Akachovya chapati. "Na mbona hukai naye?"

"Kwa ajili ya mama yake."

"Mama yake hakutaki."

"Ananitaka sana, mzee. Ndiyo maana hatukai pamoja."

Mzee akaiweka chapati chini. Akanitazama kwa huruma ambayo sijawahi kutazamwa nayo tangu nilipofeli hesabu.

"Kula chakula chako," akasema. "Mke wa mtu sumu."

Mambo yangeishia hapo. Lakini mke wangu akanipa ishara kwamba mama anataka soda ya tangawizi, na mhudumu wa upande wao alikuwa haonekani. Nikamwita wa upande wangu, nikamwambia apeleke tangawizi meza ile pale. Akauliza, "Nimwambie imetoka kwa nani?" Nikasema asiseme imetoka kwa nani. Ukiwaza vizuri, hakuna jibu baya kuliko hilo. Akaipeleka huku akitabasamu upande mmoja. Kisha nikamwita mwanangu kwa kidole aje achukue pilipili, akaja akinyata, kwa sababu mama yake alishamwambia nyumbani: mbele ya bibi usimwite baba baba, bibi ataona haya, ukikaa kimya nitakununulia aiskrimu. Akachukua pilipili bila neno, akarudi kwa kunyata vilevile. Kufikia hapo wahudumu watatu walikuwa wamejipanga kaunta wananitazama, na mmoja, nadhani, alikuwa ananirekodi.

Mdogo akabanwa na haja. Mke wangu akamchukua, na pochi akaichukua, wakaenda msalani. Msala uko nyuma kabisa, mlango mmoja, na Jumapili foleni yake ni ya Jumapili.

Wakati huohuo basi la mikoani likapita barabarani likapiga honi. Si hizi pii-pii za daladala. Ile ndefu ya kupanda na kushuka kama wimbo.

Mama akasimama. Yeye alishapiga hesabu yake: binti kala, kaenda kuchimba dawa, honi imelia, maana yake binti yuko ndani ya basi. Akafungua kikapu, akatoa bakuli lenye mfuniko, akamtia sato aliyebaki na nusu ya zege, akamshika mjukuu mkono, huyo. Mama ana miaka sitini na kitu. Alipita kati ya meza zile kama mtu wa ishirini.

"Mama! Mama, bili!"

Kijana wa mlangoni akawahi kunyoosha mikono. Mama akasimama, akageuka huku na huku. Akaona barabara haina basi linalomsubiri, na binti hayupo. Nadhani hapo ndipo alipokumbuka kuwa yuko Mbezi na wala hasafiri.

"Analipa binti yangu," akasema.

"Binti yuko wapi?"

Meza yao ilikuwa tupu. Hapo ndipo mhudumu wa tangawizi alipoona ameipata kesi. Akaninyooshea kidole.

"Muulizeni yule kaka. Huyo ndiye aliyekuwa anawaagizia."

Nikasimama na kijiko changu. Nikasema jamani, mimi ni mkwe wake, mke wangu yuko chooni, atakuja na pesa sasa hivi. Kijana wa mlangoni akaniuliza, "Wewe mwenyewe huna?" Nikamwambia ninazo 1,800. Watu wa meza ya jirani wakaacha kutafuna.

"Mama, samahani," kijana akasema, kwa adabu kabisa, "huyu unamfahamu?"

Ningeomba kila msomaji ajiweke mahali pa mama. Miaka kumi na moja hajanitazama usoni kwa heshima, hajalitamka jina langu, na leo kijana wa watu anamtaka anitazame mbele ya hadhara na aseme mimi ni nani wake. Mama akafanya alichofundishwa na mama yake. Akaivuta khanga, akajifunika uso mzima, akanipa mgongo.

"Umeona?" mhudumu akasema. "Hata kumtazama hataki."

Wakamuuliza mwanangu. Akanitazama, akamtazama bibi, nikaona kabisa aiskrimu inavyopita machoni mwake.

"Simjui," akasema.

Wakamgeukia mzee wa supu, maana nimekaa naye meza moja. Mzee akajifuta ndevu. "Mimi alichoniambia ni kwamba mama anamtaka, ndiyo maana hawakai pamoja." Mgahawa mzima ukaangua kicheko, na nilipojaribu kueleza kicheko kikaongezeka, nikaona heri ninyamaze. Kijana wa mlangoni alishanishika mkono, si kwa nguvu, ila kama anayemvusha mtu barabara.

Mama, bado kanipa mgongo, bado kajifunika, akamwinamia mjukuu wake.

"Mjukuu wangu, waulize. Yule baba wa watu anadaiwa shilingi ngapi?"

Mtoto akauliza. Meza yao 29,000, mimi 7,000. Mama akafungua fundo kwenye pindo la khanga, polepole, kwa meno na kidole, akatoa noti nne za 10,000 zilizokunjwa zikafanana na hirizi. Hiyo ilikuwa nauli yake ya kurudia, na baki ya kumnunulia mjukuu wa kule viatu. Akazihesabu mara mbili, akinung'unika Kisukuma chini kwa chini.

Mzee akaruka kitini.

"Kumbe Msukuma! Mtani!"

Mzee alikuwa Mzaramo. Asiyejua utani wa Wazaramo na watu wa bara akaulize wazee wake: ni wa tangu enzi za misafara, Wanyamwezi na Wasukuma wakibeba mizigo hadi pwani, na njia inapita kwa Wazaramo. Mzee alishasahau kesi yangu.

"Mtani, mmepita kwetu miaka yote mnakula mihogo yetu bure, leo utoke hivihivi? Na supu yangu uilipe! Na chapati!"

Mama akaifunua khanga kwa upande wa mzee tu, akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka siku zote sita zile.

"Supu shilingi ngapi?"

Supu na chapati mbili, 4,000. Chenji ya mama ilikuwa 4,000. Mhudumu akazichukua zote, mzee akavaa kofia yake vizuri, akamwambia mama mbuzi wake wa mwakani amtafutie aliyenona.

Ndipo mke wangu akatokea kutoka nyuma, kambeba mdogo, pochi begani, akatuona tumesimama wote katikati ya mgahawa, kila mmoja kaelekea upande wake.

"Mmeshamaliza?" akauliza. "Mbona mama kasimama?"

Jioni nilimtuma mkubwa sebuleni na shilingi 40,000. Akarudi nazo. "Bibi anasema hela ya chakula hairudishwi." Nikamrudisha nazo tena, nikimwambia aseme ni nauli. Akarudi tena: "Bibi anasema nauli atatoa mama." Nikakohoa mara mbili nikaenda chooni, na nilipopita mbele ya kochi niliona khanga inatikisika. Mama alikuwa anacheka ndani yake.

Jumapili iliyofuata alimuuliza mke wangu kama tutarudi kule kwenye zege. Mke wangu akasema tutarudi.

"Na yule baba wa watu," mama akasema, kwa sauti ya kunifikia chumbani, "mwambieni safari hii abebe hela."