Kikoi Changu Kimefika kwa Silikanti, Mimi Bado

Najua wengi mmeshaisikia hadithi ya kikoi changu kutoka kwa Nahodha. Yake ina chumvi. Eti nililia. Sikulia, nilipiga kelele, na hivyo ni vitu viwili.

Mnanijua mimi na silikanti. Samaki hao walipoanza kunaswa na nyavu za jarife hapa Tanga mwaka 2004 nilikuwa darasa la tatu. Nikamwona mmoja kalazwa mchangani, mapezi mithili ya miguu, na sijapona hadi leo. Samaki aliyehesabiwa marehemu tangu enzi za dinosaria, mpaka akaibuka Afrika Kusini mwaka 1938! Kumvua marufuku, hifadhi yake ipo tangu 2009, basi mie nataka picha tu. Nahodha hana haja na samaki asiyeliwa, ila ngalawa ni yake na kunikatalia hawezi.

Kamera ya shemeji, kasha lake limeandikwa mwisho mita 60. Tukaifunga na tochi na jiwe kwenye kamba ya mita 150. (Msinianze. Niliisoma.)

Saa nane usiku. Nimechuchumaa juu ya kamba, kikoi kiunoni, ndani sina kitu. Joto la juzi mnalijua. Nikaachia jiwe. Kamba ikaenda swaaa. Mara nasikia kiuno kinavutwa, taratibu, kama mtoto anayetaka hela ya barafu. Nikapaza sauti nadhani hadi Mwambani wakaamka: "Kashika! Silikanti kashika!"

Jiwe halijafika hata mita 20. Na ndoana sina.

Nahodha akawasha tochi yake. Hakumulika maji, alinimulika mimi. Matamvua ya kikoi yameingia kwenye fundo la kamba.

"Achia!"

"Siachii! Nimemsubiri miaka 20!"

Nikakikamata kwa mikono miwili. Jiwe linavuta kwake, mie navuta kwangu. Pindo la kiunoni likalegea, likafikiri kidogo, likafunguka. Kikoi kikatanda juu ya maji kama samaki taa, kikatulia kana kwamba kinaniaga, kikazama. Kamba nyuma yake, yote. Mimi nilidhani Nahodha kaifunga ncha kwenye mlingoti. Yeye alidhani mimi.

Akashusha tanga akanivisha. Naam, mtoto wa Tanga kavaa tanga. Lakini tanga likishavaliwa, ngalawa inabaki na kafi, na kwa kafi hatukufika alfajiri. Tulifika saa mbili, akina mama na mabeseni yao wamejaa pwani.

"Haya wanangu, leo mmevua nini?"

"Kavua huyu peke yake, mama," Nahodha akajibu. "Kavua kikoi."

Shemeji, kama unasoma: kamera ipo mahali salama, hakuna wa kuiiba.

Na huyo Nahodha anayenitangaza vijiweni kanitumia ujumbe sasa hivi: "Jumamosi maji mafu. Kamba ya mita 200 nimepata. Uje na suruali."