Haki ya Mungu na Ibara ya 24

Kwetu Mikindani, pwani ya kusini mwa Tanzania, mtu akitaka kuaminiwa huapa, "Haki ya Mungu!", na wala hasimami kufikiri kwamba maneno hayo yamekwisha kujibu swali ambalo hapa Berlin, ninakoishi mwaka wa kumi na moja sasa, watu bado wanalibishania: haki za raia zimetoka kwa Mwenyezi Mungu au zimetoka katika katiba? Lugha yetu ilichagua upande zamani. Neno haki tulilipokea kutoka Kiarabu, na katika Kiarabu Al-Haqq ni mojawapo ya majina ya Mungu, kwa hiyo Mswahili anayedai haki yake amekwisha kumtaja Mola hata kama hakukusudia. Nami nilikua nikiamini hivyo, na ningali naamini. Nilichokuja kukitilia shaka ugenini ni ile desturi yetu ya kumrudishia Mungu hata kazi ya kuidai.

Miaka kadhaa iliyopita sehemu ya shamba la mikorosho la mjomba wangu ilitwaliwa kwa ajili ya ujenzi. Alipewa barua yenye kiasi cha fidia ambacho kila jirani alikiona kidogo, akaisoma, akaikunja, akasema, "Haki ya mtu haipotei. Namwachia Mungu." Barua yenyewe haikumwambia aende wapi iwapo hakuridhika, wala alikuwa na siku ngapi. Hakuna aliyemsomea Ibara ya 24 ya Katiba ya Tanzania, inayokataza mtu kunyang'anywa mali yake bila sheria inayoweka masharti ya fidia inayostahili. Mimi nilipata habari wakati mikorosho imekwisha kukatwa, na barua nikaikuta ndani ya msahafu wake.

Mwaka huohuo nami nilipata barua yangu. Ofisi moja ya hapa ilikuwa imelikataa ombi langu, na nilikuwa tayari kusema maneno yaleyale ya mjomba, kama si jirani yangu, bibi aliyepita miaka sabini na asiyeamini kabisa kwamba Mungu yupo, kunifungulia ukurasa wa mwisho ambao sikuwa nimeujali. Huku uamuzi wa serikali huandikwa pamoja na aya inayomweleza mpokeaji apeleke pingamizi wapi na kwa muda gani, kwa kawaida mwezi mmoja. Na aya hiyo ikisahauliwa, muda hurefuka hadi mwaka mzima, yaani kosa la ofisi humfaidia mwananchi. Tuliandika pingamizi juu ya meza ya jikoni kwake, na baada ya wiki saba uamuzi ulibadilishwa. Sikuona muujiza wowote pale. Niliona aya moja ya mistari minne, na nikamkumbuka mjomba.

Hata hivyo, nisieleweke kwamba nimekuwa mfuasi wa sheria tupu. Ni Ujerumani hii hii ambayo mwaka 1935, kwa sheria iliyopitishwa na bunge lake, iliwavua Wayahudi haki za uraia, na yaliyofuata dunia nzima inayajua. Ikiwa haki ni zawadi ya sheria peke yake, basi waliopitisha sheria ile hawakumnyang'anya mtu chochote, walichukua tu kilicho chao. Nadhani hofu hiyo ndiyo iliyowafanya walioandika katiba ya mwaka 1949 waanze na utu wa mwanadamu, wakisema hauguswi, kisha katika kifungu cha 79 wakazuia msingi huo usibadilishwe hata kwa kura za wabunge wote. Dibaji yake inataja wajibu mbele ya Mungu na wanadamu. Nilipomwonyesha jirani yangu neno hilo alisema limewekwa kwa heshima tu. Mimi naona walikuwa wakitafuta mahali ambapo kura haifiki.

Sisi nasi tunayo ya kwetu. Watumwa waliopitishwa Mikindani waliumbwa na Mungu yuleyule aliyewaumba waliowauza, na wauzaji hao walikuwa wakisali. Lakini mpaka mwaka 1922 ndipo utumwa ulipofutwa kisheria katika Tanganyika. Uhuru wa mwaka 1961 ulikuja na katiba isiyo na orodha ya haki za binadamu. Orodha hiyo iliingizwa mwaka 1984, na mahakama zikaruhusiwa kuitumia kuanzia mwaka 1988. Muda wote huo haki ilikuwepo mbinguni, ila mnyonge hakuwa na ibara ya kumwonyesha hakimu. Na hata ilipoandikwa, Ibara ya 12 haikusema kwamba Jamhuri inampa mtu uhuru. Ilisema, "Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa." Kuzaliwa si kazi ya bunge.

Uraia, kwa upande mwingine, hakuna nabii aliyekuja nao. Katiba zote mbili zina maneno mawili ambayo mgeni hujifunza kuyatofautisha haraka: "kila mtu" na "kila raia". Hapa haki ya kukusanyika imeandikwa kuwa ya Wajerumani, ilhali Ibara ya 20 ya kwetu inampa kila mtu. (Mzaliwa pekee wa kusini ninayemjua ambaye hajawahi kuulizwa kibali cha ukaazi mjini Berlin ni yule mjusi mkubwa wa Tendaguru, yaani mifupa ya dinosaria, aliyechimbwa Lindi kati ya mwaka 1909 na 1913, ambaye amesimama makumbusho.)

Tangu mwaka 2024 Ujerumani inamruhusu anayepewa uraia wake kubaki na ule wa zamani, lakini sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo fomu ya uraia niliyonayo mezani nikiijaza na ikakubaliwa, naacha kuwa Mtanzania. Nilimpigia mjomba simu kumwuliza. "Mjomba," aliniambia, maana kwetu tunaitana hivyo pande zote mbili, "kwa mila yetu shamba lililobaki ni lako. Mungu anajua hivyo." Nikamweleza kwamba sheria ya ardhi kwa kawaida haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza sheria hiyo imeandikwa wapi, na kama ninaweza kumtumia nakala.