Majaji wa Kampala hawana haya, nami nawapendea hilo

Kwetu Bukoba, kijana akisimama kwenye shindano kueleza wazo lake la biashara anasikilizwa mpaka nukta ya mwisho. Majaji wanampongeza kwa ubunifu, wanauliza vijana wangapi watapata ajira, ukumbi unapiga makofi. Kampala hufiki slaidi ya tatu. "Ngoja kwanza. Nani anakulipa?"

Nilivuka mpaka wa Mutukula nikija kusoma, nikabaki kwa kazi, na msimu wa mashindano ya wanafunzi ukifika huwa nakaa na vijana kuwanoa. Mara ya mwisho nilikuwa na kundi la hosteli moja ya Kikoni, jirani na Makerere: kijana wa Kisumu, mwingine wa Goma na binti wa Arua. Walikutanishwa na Kiswahili. Mazoezi tulifanya kwa Kiswahili, jukwaani wakapanda na Kiingereza. Wazo lenyewe lilikuwa kukusanya maganda ya matoke soko la Kalerwe, kuyakausha na kutengeneza mkaa mbadala.

Jaji mmoja, mama mwenye kiwanda kidogo cha juisi, akawakatiza. "Hapa mmeandika malighafi ni bure. Hayo maganda leo anayabeba nani?"

Binti wa Arua alikuwa ameshinda sokoni, kwa hiyo hakubabaika. "Mengi yanatupwa, nnyabo (mama). Lakini yaliyo safi wanayanunua wafugaji wa pembezoni mwa mji, wanalisha ng'ombe."

"Basi si bure. Siku mtakapoanza kununua kwa wingi, mfugaji ataongeza dau, na muuzaji atawapandishia bei wote wawili. Na Aprili mtakausha wapi?"

Swali hilo la Aprili lina thamani kuliko zawadi. Ganda bichi ni maji kwa sehemu kubwa, na mvua za hapa zinanyesha kuanzia Machi hadi Mei, kisha zinarudi Septemba. Mkaa unaokaushwa kwa jua unasimama miezi ambayo mteja anauhitaji zaidi. Nyumbani asingeuliza mtu, na si kwa sababu hatujui ndizi! Mhaya ganda lake analirudisha kibanjani liwe mbolea. Wazo hilohilo, chakula kilekile, ukivuka mpaka tu malighafi inakuwa haipo. Vijana wanaobeba wazo la Kampala kulipeleka Bukoba, au la Nairobi kulileta Kampala, wangeanzia hapo.

Likafuata swali la kodi, nalo ni la watu walioungua. Julai 2018 Uganda iliweka asilimia 1 kwenye miamala ya simu. Kelele zilipozidi ikashushwa hadi asilimia 0.5 na kubaki kwenye kutoa pesa. Tanzania nasi tulionja tozo zetu Julai 2021. Jaji wa hapa anataka kujua mteja anayelipa kidogo kidogo kwa simu atabaki na nini makato yakibadilika, na wewe utabaki na nini.

Sisemi Kampala ni peponi. Kuna makundi yanayoishi kwa mashindano: leo ukumbi huu, mwezi ujao ule, slaidi zilezile, hundi kubwa ya karatasi, picha, basi. Mteja hayupo. Na kila kundi linamtaja Brian Gitta, Mganda ambaye kifaa chake kiitwacho Matibabu, cha kupima malaria bila kutoa damu, kilishinda Africa Prize, tuzo ya ubunifu wa kihandisi, mwaka 2018. Wanataja tuzo. Miaka ya kujaribu na kurekebisha iliyoitangulia hawaitaji, sijui kwa nini, wakati hiyo ndiyo ningependa kuisikia. Waandaaji nao wanachangia: wanahesabu washiriki, hawarudi baada ya mwaka kuuliza nani bado anauza.

Upole wa kwetu una faida yake. Kijana anayeogopa kusimama mbele ya watu, Bukoba atasimama. Hapa nimeona wengine wakishuka jukwaani na wasipande tena. Lakini pongezi hazimwambii kwamba mfugaji yuko mbele yake kwenye foleni ya maganda.

Ningepewa kuandaa shindano nyumbani, ningeanza na meza ya majaji. Mkurugenzi na mgeni rasmi wakae, ni heshima yao. Katikati yao ningemketisha mama anayeuza ndizi soko kuu, na maswali yaanze kwake.