Mbwa Aking'ata, Tumtafute Mwenyewe

Mtu aking'atwa na mbwa hapa Nakuru, watu huuliza kwanza: alikuwa rotwaila au jamani shepadi? Akiwa koko, mazungumzo huishia hapo. Mimi naona swali hilo linatupotosha, na wanaoumia ni watoto wetu.

Uingereza ilichagua njia ya kupiga marufuku mbegu fulani za mbwa. Sheria yake ya 1991 ilikataza pit bull na aina nyingine tatu, lakini watu waliendelea kung'atwa, wengine wakauawa, hadi XL bully, mbwa mwingine mkubwa, akaongezwa kwenye orodha. Tangu Februari 2024, kumfuga bila cheti maalum ni kosa katika England na Wales. Uholanzi ilimkataza pit bull 1993, ikaja kuifuta marufuku hiyo ilipoonekana visa havikupungua.

Ukubwa wa mwili nao una uzito wake, silikatai hilo. Boaboeli wa kilo 70 akimwangusha mtoto, mtoto anaweza kufa, na kwa hiyo anayemfuga ana wajibu mkubwa kuliko mwenye koko. Lakini hebu tazama wanavyofugwa mitaani kwetu. Mbwa amefungwa mnyororo mfupi nyuma ya nyumba tangu asubuhi, udongo umelika duara pale anapozunguka, shingo imechubuka hadi manyoya yakaisha, na kwenye sufuria kuna ugali wa jana. Haguswi na mtu ila wakati wa kufungwa. Usiku anafunguliwa, na mwenyewe anajisifu kwamba mbwa wake hana urafiki na yeyote. Geti likisahauliwa wazi asubuhi, anayepita ni mtoto wa shule.

Halafu kuna kichaa cha mbwa, ambacho hakichagui mbegu. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani linasema tukichanja asilimia 70 ya mbwa, maambukizi hukatika. Wale wanaozurura kwenye jaa la Gioto nani anawachanja? Ukiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo tu.

Kaunti isajili kila mbwa kwa jina la mwenyewe, idai cheti cha chanjo kila mwaka, na mbwa aking'ata mtu, mwenyewe alipie matibabu yote, kuanzia sindano ya kwanza hadi ya mwisho.