Harufu Ikiisha, Gesi Bado Ipo

Juzi nilimsikia muuza samani akimhakikishia mama mjamzito aliyekuwa akichagua kabati la chumba cha mtoto: "Hiyo ni harufu ya upya tu, mama. Ikiisha, basi." Yule mama akalipa. Maneno hayo yananikera mpaka leo, maana nimeyasikia pia kwa mafundi rangi na hata kwa watu waliosoma.

Pua haipimi hewa. Inazoea upesi: ukikaa chumbani kidogo tu, huisikii tena harufu iliyokupokea mlangoni. Harufu kali ya rangi na vanishi hupungua baada ya siku au wiki, lakini MDF na chipubodi nyingi, yaani mbao za nyuzi au vipande vya mti vilivyogandamizwa, zimeshikanishwa kwa gundi ya yurea na fomaldehaidi, na unyevu huivunjavunja gundi hiyo polepole ikaachia gesi ya fomaldehaidi kwa miezi, hata miaka. Joto likipanda, gesi huongezeka. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani liliweka ukomo wa mikrogramu 100 za fomaldehaidi kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa dakika 30. Katika kiwango hicho watu wengi hawanusi chochote. Na hii ni gesi iliyotangazwa mwaka 2004 kuwa inasababisha saratani kwa binadamu.

"Lakini ina cheti cha kupimwa gesi," muuzaji atasema. Haya, tukiangalie cheti. Katika vipimo vya Ulaya, kipande cha ubao huwekwa ndani ya kisanduku chenye nyuzijoto 23 na unyevunyevu wa asilimia 50. Gesi inayotoka hukokotolewa kana kwamba bidhaa iko kwenye chumba cha mita 30 za ujazo, ambacho nusu ya hewa yake hubadilishwa kila saa. Nakubali, bila kipimo hicho tusingeweza kulinganisha ubao na ubao. Ila chumba hicho hakuna anayekiishi! Chumba cha mita tatu kwa tatu chenye dari la mita mbili na nusu hakifiki hata mita 23 za ujazo. Humo mna kabati, kitanda na meza, vyote vya mbao za gundi, kingo zake zilizokatwa zikiwa wazi, na usiku dirisha limefungwa. Kila bidhaa ilifaulu ikiwa peke yake. Nani alizijumlisha? Ufaransa ilianza mwaka 2012 kulazimisha lebo ya A+ hadi C, inayoonyesha kiasi cha gesi zinazotoka, kwa rangi, sakafu na vifaa vingine vya ujenzi. Samani hazimo.

Tumeshaona mambo haya yanavyokwenda. Baada ya Kimbunga Katrina cha 2005, serikali ya Marekani iliwapa waliopoteza nyumba matrela ya kuishi: vyumba vidogo, vilivyobana hewa, vilivyojaa mbao za gundi. Watu walilalamikia macho kuwasha na kifua kubana. Taasisi ya serikali ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilikuja kupima hewa ya matrela 519 mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008. Wastani wa fomaldehaidi ulikuwa sehemu 77 katika bilioni, karibu sawa na ule ukomo wa dakika 30, na watu walilala humo usiku kucha. Tena hayo ni majira ya baridi, zaidi ya miaka miwili tangu kimbunga.

Kwa hiyo napinga tathmini inayoishia kwenye bidhaa. Chumba kipimwe kikiwa kimekamilika, samani zikiwa ndani, madirisha yamefungwa usiku mzima, ikiwezekana siku ya joto, kabla mtu hajahamia. Vipo vidude vidogo vya kunasa gesi ambavyo huachwa chumbani kisha hupelekwa maabara. Vile vya bei rahisi vinavyoonyesha namba papo hapo vingi huchanganya fomaldehaidi na marashi au pombe ya kusafishia. Dawa ya kupuliza ya kunukisha chumba inaongeza kemikali tu, na mimea ya vyunguni haitoshi.

Na kama chumba kimemalizika kupakwa rangi na kuwekwa kabati jipya wiki hii, na mtoto anazaliwa wiki ijayo, alale chumba cha zamani chenye kitanda cha zamani. Kile kipya kiachwe madirisha wazi mpaka kipimwe.